Kutoka Kushoto

Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi kwenye jarida la mitindo hudhani kwamba kila mmoja hutazama picha kwanza. Huenda ni kweli kwa msomaji wa kawaida. Waliomo ndani ya picha hawaanzi hapo. Huanza na yale maandishi madogo ya chini, yanayosema nani ni nani kutoka kushoto. Toleo jipya lilipoingia madukani, simu zilizolia asubuhi ofisini kwetu Nairobi hazikuwa za kusifu makala. Zilikuwa za kuuliza kwa nini jina la bibi fulani limekosa herufi, kwa nini mume wa fulani ameitwa "mgeni", na nani aliamua kwamba aliyesimama katikati ndiye mwenye hafla wakati ni shemeji yake tu.

Nilifanya kazi hiyo ya kuandika maelezo ya picha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye jarida ambalo sitalitaja. Lilikuwa na karatasi ya kung'aa, matangazo ya manukato na ya benki, na kurasa za nyuma zilizojaa watu wenye glasi mkononi. Hizo ndizo zilizokuwa kurasa zangu. Mhariri alinipa kwa sababu sikuona haya kumsogelea waziri na kumwuliza jina lake. Sikumwambia kwamba ujasiri huo nilitoka nao Masii, mahali ambapo hakuna mtu anayepita njiani bila kuulizwa ni mtoto wa nani.

Masii iko kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, kabla hujafika Wamunyu kwa wachonga vinyago. Ni nchi ya mbaazi, maembe na mkonge, na ya mvua inayokuja ikipenda. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1980, sikumbuki duka hata moja lililouza jarida. Magazeti ya kila siku yalifika, walimu wakayasoma, kisha yakaenda buchani kufungia nyama. Majarida yalitujia ndani ya begi la shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi za nyumba Lavington, Nairobi. Mwajiri wake alipokwisha kuyasoma alimwachia, naye aliyaweka chini ya kitanda mpaka Krismasi, akaja nayo pamoja na mkate na majani ya chai. Ilikuwamo Drum ya Afrika Mashariki, ilikuwamo Viva, na baadaye Parents, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Eunice Mathu na kuzoeleka kwa jalada la mume na mke wanaotabasamu. Mama aliipenda hiyo ya mwisho kuliko zote. "Hapa angalau unajua kila mtu ni wa nani," alisema.

Karatasi ya kung'aa haifai kufungia mandazi, kwa sababu haifyonzi mafuta, yanaishia mkononi mwa mlaji. Kwa hiyo majarida hayakwenda hotelini. Yalikwenda shuleni, kufunika madaftari, na mwalimu wetu wa hesabu akatuamuru tugeuze karatasi, picha ikae ndani, maana alichoka kusahihisha akitazamwa na warembo. Mengine yalikwenda ukutani. Nyumba ya jirani yetu ilibandikwa kurasa kuanzia mlangoni hadi dirishani, nami nilijizoeza kusoma pale nikisubiri uji. Nilisoma nusu ya mambo mengi, kwa sababu upande wa pili wa kila ukurasa ulikuwa umegeukia udongo. Kulikuwa na mwanamke aliyeandika kuomba ushauri kuhusu mume aliyehama nyumba, na mpaka leo sijui alijibiwa nini.

Msomaji makini wa majarida hayo, hata hivyo, hakuwa mwalimu wala mama. Alikuwa fundi wa nguo aliyekaa kwenye baraza la duka moja pale sokoni na cherehani yake ya Singer ya kukanyaga. Shangazi akishafika, wanawake walipita nyumbani kwetu, wakafunua kurasa, wakachana ule walioupenda kwa ruhusa yake, wakaenda nao kwa fundi pamoja na kitambaa. "Fundi, nishonee hii." Fundi aliuinua ukurasa kwenye mwanga, kama daktari anavyoinua picha ya eksirei. Uso wa mwanamitindo haukumhusu. Alihesabu marinda, akakadiria mshono wa bega, akauliza kama kitambaa kitatosha kutoa mkanda, akataka kujua kama bitana ipo au mteja anatarajia miujiza.

Tatizo lilikuwa mgongo. Majarida huonyesha watu kwa mbele. Hakuna Masii aliyejua kama gauni lile lilikuwa na zipu nyuma au vifungo, kama lilikatwa wazi au lilifungwa kwa utepe. Fundi aliamua mwenyewe, kwa kadiri ya kitambaa kilichobaki na tabia ya mteja. Ndivyo tulivyopata mtindo ambao mbele yake imetoka ng'ambo na nyuma yake imebuniwa barazani. Na kanisani, ambako mtu hukaa muda mrefu akitazama mgongo wa aliye mbele yake, tulichokitazama ni kazi ya fundi. Haikuchukua muda wanawake wakaanza kumwagiza migongo. Mbele fanya kama ya gazeti, walimwambia, na nyuma fanya kama ile ya mke wa mchungaji. Nimewaona wabunifu wa mavazi wakipigiwa makofi hotelini Nairobi kwa ubunifu mdogo kuliko huo.

Biashara yake haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, mitumba ikamiminika, viwanda kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikaanguka kimoja baada ya kingine, na gauni lililoshonwa Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa cha kushonea gauni Masii. Fundi akabaki na sare za shule. Sare huja na mgongo wake tayari.

Umaarufu wenyewe tuliujua, na haukutoka kwenye majarida. Watu maarufu wa Masii walikuwa wanamuziki. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake waliimba Kikamba na Kiswahili, wakapigwa redioni na kwenye kila baa yenye betri. Kalambya Sisters waliimba "Katelina" kwa zile sauti zao nyembamba mno, nasi watoto tukabishana kama ni wasichana wa shule au ni bibi vikongwe. Tulibishana kwa sababu hatukuwa na namna ya kujua. Santuri zile ndogo za nyimbo mbili ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye nembo ya kampuni, bila sura ya mtu. Wale wa ukutani walikuwa na sura ambazo hatukujua zinasema nini, na hawa wa redioni walikuwa na sauti ambazo hatukujua zinatoka kwenye midomo gani. Kakai alipofariki mwaka 1987, niliwaona watu wazima wakinyamaza redio ilipompiga. Sidhani kama mmoja wao angemtambua kama angeketi karibu naye kwenye basi.

Tofauti hiyo ilinisumbua baadaye nilipokuwa nikilipwa kuhudumia sura. Mwanamuziki hakuhitaji kuonekana ili afahamike, kazi yake ilitangulia. Kwenye kurasa zangu ilikuwa kinyume. Mtu alianza kwa kuonekana, kisha sisi tukatafuta la kusema kuhusu kazi yake, na pale lilipokosekana tuliandika "mfanyabiashara".

Katika moja ya majarida ya shangazi alikuwamo mwanamitindo Iman. Sikumjua ni nani, nilijua tu kwamba shingo yake ilikuwa ndefu na kwamba fundi alikataa kuliiga gauni lake akisema halina mikono ya kutosha. Habari zake kamili nilizipata Nairobi. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa balozi wa Somalia, anayezungumza lugha tano, alipokutana mjini na mpiga picha Mmarekani aitwaye Peter Beard. Beard aliomba kumpiga picha. Iman alimtaka kwanza amlipie karo ya chuo, dola 8,000, naye akalipa. Hadithi iliyofika New York pamoja na picha hizo ilikuwa nyingine kabisa: eti Beard amemwokota porini, mchunga mifugo asiyejua Kiingereza. Waandishi walikusanyika kumtazama kiumbe huyo. Mwaka uliofuata akaanza kutokea kwenye Vogue.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Uzuri ulikuwa wake, elimu ilikuwa yake, hata ujuzi wa kupatana bei ulikuwa wake. Lakini walioziuza picha waliona havitoshi, wakaongeza mbuzi. Kwa macho ya mnunuzi wa mbali, mwanamke wa Kiafrika aliyejipatia mwenyewe nafasi yake hakuwa na ladha, alipaswa kuwa amegunduliwa na mtu. Iman mwenyewe aliukanusha uongo huo, na tangu hapo amekuwa akiueleza kwa kicheko kikavu. Miaka ile ile, waliokuwa wakichunga mbuzi kweli huko Ukambani walikuwa akina dada zangu wakubwa. Hakuna gari lililosimama.

Nirudi ofisini. Kazi ya maelezo ya picha ilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Mdhamini wa hafla hutajwa kwanza hata kama amesimama pembeni. Mke hutajwa kwa jina la mume, isipokuwa kama ana pesa zake. Mgeni kutoka ng'ambo hutajwa pamoja na nchi yake, kana kwamba nchi ni cheo. Mhudumu mwenye sinia hukatwa, na kiwiko chake kikibaki pembeni mwa picha, kiwiko hakina jina. Sikuzibuni sheria hizo na wala mhariri wangu hakuzibuni. Zilikuwapo Nairobi kabla yetu. Klabu ya walowezi ya Muthaiga ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1913, na kwa miongo mingi kilichokuwa kikitangazwa kuhusu Kenya huko Ulaya kilikuwa ni nani amelala wapi, amekunywa nini na nani, na gauni lake lilikuwa la rangi gani. Lord Erroll, mmoja wa walowezi hao, alipouawa kwa risasi mwaka 1941, vita vikipiganwa kila upande wa dunia, kesi ya mauaji yake ilifuatwa kama tamthilia, na bado vitabu na filamu hutengenezwa juu yake.

Nilikuwa nikipita kila siku barabara ya Muindi Mbingu nikienda kazini, huku nikikariri majina ya wageni wa jana. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, kupinga serikali kutwaa ng'ombe wao kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Watu walikaa Nairobi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Susu, yaani nyanya yangu, alisimulia habari hiyo kwa majina: nani alikwenda kutoka mji upi, nani alirudi na vidonda vya miguu, nani alibaki nyumbani akajifanya mgonjwa. Yeye angeweza kuandika maelezo ya picha ile yote, kama picha ingekuwapo. Nairobi imebakiza jina moja, kwenye kibao cha barabara, na nashukuru kwa hilo moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jarida letu liliamua kufanya toleo la mavazi "ya asili". Mimi ndiye niliyependekeza viondo, vile vikapu vya kusuka, na kwa kuwa nilijua wanaosuka wako wapi, tulikuja huku kwetu: mpiga picha, mwanamitindo, mpambaji, masanduku ya viatu, na gari lililolipiwa na hoteli moja. Kikundi cha akina mama wa karibu na Masii kilitusubiri chini ya mwembe. Walikuja na viondo vilivyokwisha na vingine vikiwa bado kitako tu. Kiondo huanzia kitakoni, kisha kuta hupanda duara kwa duara. Uzi wa mkonge husokotwa juu ya paja, kwa kiganja, mpaka ngozi ya paja iwe ngumu. Mama wa Kikamba husuka akienda sokoni, husuka akiwa mkutanoni, husuka akikusengenya. Mpiga picha aliwaomba waache kusuka kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemesha picha. Waliacha kwa adabu. Akigeuka tu, mikono ikaanza tena.

Mwanamitindo alisimama mbele na kiondo begani. Akina mama waliketi nyuma, wakiwa mandhari. Nikatoa daftari langu kama kawaida nikaanza kuuliza majina. Wengi walijitaja kwa watoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi, nikaomba na ya ubatizo. Mmoja alikataa kabisa. Jina langu liko kwa chifu na liko kanisani, aliniambia, panatosha. Mwingine, mkubwa wao, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa na yeyote kwenye hafla zote za Nairobi. "Mwanangu, ukiliandika jina langu hapo, kiondo kitanunuliwa kwa bei gani?"

Nilimwambia sijui. Akasema basi niandike bei kwanza, jina litafuata.

Niliandika majina ya wote waliokubali, kwa mpangilio, kutoka kushoto, na chini yake nikaandika mahali viondo vinapopatikana. Jarida lilipotoka, majina ya mwanamitindo, mpiga picha, mpambaji, duka la viatu na hoteli yalikuwapo yote. Akina mama walikuwa "wanawake wa kijijini, Machakos". Niliambiwa nafasi haikutosha. Maneno "wanawake wa kijijini", nilihesabu, yalichukua nafasi ya majina mawili. Mahali pa kununulia viondo hapakuchapishwa kabisa, kwa sababu kikundi hakikuwa kimelipia tangazo. Kwa haki ya yule mama, ni hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Mimi nilikuwa nikipigania majina, yeye alikuwa ameshaona kwamba jina lisilo na bei ni pambo la mtu mwingine.

Miaka kadhaa baadaye mbunifu Mwingereza Vivienne Westwood alianza kutengenezewa mikoba Nairobi kupitia mpango wa mitindo ya haki wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ulioasisiwa na Simone Cipriani. Juergen Teller alipiga picha za matangazo hapa hapa jijini. Wapo waliochukizwa kuona mitaa ya mabanda ikigeuzwa mandhari ya mavazi ya bei kubwa, na sioni kosa katika kuchukizwa kwao. Lakini walioshona mikoba ile walilipwa kwa kushona, jambo ambalo sisi, ndugu zao wa damu na lugha, hatukulifanya chini ya mwembe wetu. Kwa kipimo cha yule mama, Mwingereza alitushinda.

Mwigizaji Lupita Nyong'o alipopata Oscar Machi 2014, saloni moja ya Masii ilibandika picha yake mahali palipokuwa na bango la mitindo ya nywele. Mwezi uliofuata kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamchukua. Wasichana wakaja kunyoa. Mpwa wangu, ambaye weusi wake ulimfanya aitwe makaa shuleni, aliniambia, "Shangazi, sasa wananiita Lupita, na bado wananicheka." Sikuwa na la kumjibu. Niliona kwamba jarida linaweza kubadilisha jina la utani haraka kuliko linavyobadilisha mcheko. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita huyo huyo kwenye jalada, nywele zake za nyuma zikiwa zimefutwa ili kichwa kionekane laini. Alilalamika hadharani, jarida na mpiga picha wakaomba radhi. Hivyo ndivyo jina linavyoweza kufanya: mwenye nalo akikatwa, dunia inasikia. Kiwiko cha mhudumu hakina pa kulalamikia.

Leo jarida la kung'aa linalosomwa kuliko yote Masii halitoki Nairobi kila mwezi. Hutolewa mara moja tu kwa kila mtu, naye mwenyewe huwa hayupo kulisoma. Nazungumzia programu ya mazishi. Ina jalada lenye picha kubwa, tarehe ya jua kuchomoza na tarehe ya jua kuzama, wasifu, salamu za watoto, za wajukuu, za chama, na kurasa za kati zilizojaa picha za rangi. Huchapishwa Machakos mjini usiku kucha, kamati ikiwa imechangisha, na asubuhi hugawanywa hemani, ikikosekana watu wananung'unika kuliko chakula kikikosekana. Mkulima ambaye maisha yake yote alipigwa picha ya kitambulisho tu, siku hiyo anakuwa kwenye jalada.

Fundi wetu alipofariki, familia iliniita. Wewe ni mtu wa magazeti, walisema, tupangie picha. Tatizo likawa kwamba hakuwa na picha. Maisha yake yote alikuwa ametazama nguo za wengine. Tulipata moja ya harusi ya zamani, yeye akiwa mstari wa nyuma, tukamkata na kumkuza mpaka chembechembe zikaonekana. Mstari wa mbele walikuwa wanawake waliovaa kazi yake. Wazee wakaketi kunisaidia na majina. Walifika kwa mmoja aliyevaa gauni la manjano, lenye mabega makubwa ya wakati ule, wakakwama. Kila mtu alikumbuka gauni. Walikumbuka kitambaa kilinunuliwa Machakos, walikumbuka kwamba nyuma lilikuwa na vifungo kumi na viwili vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile, na kwamba fundi alilalamika juu yavyo wiki nzima. Jina la aliyelivaa halikupatikana.

Nisije nikawafanya watu wa programu kuwa malaika. Anayelipia uchapishaji ndiye anayeamua nani awe ukurasa wa kwanza. Mtoto aliye ng'ambo hutajwa pamoja na nchi yake, sawa kabisa na wageni wangu wa kokteli. Nimeona nyumba ya pili ikiachwa nje ya wasifu, na watoto wake wakisimama nyuma ya hema wakisoma maisha ya baba yao ambayo wao hawamo. Kurasa za vifo za magazeti ya Nairobi hufuata mtindo huo huo, ndiyo maana wengine huzisoma kabla ya siasa: humo ndimo unapojua nani ameoa kwa nani. Ni kurasa za watu wa tabaka la juu, ila kila tabaka linaruhusiwa kuingia kwa kulipia.

Msomaji atakuwa ameona kwamba na mimi sijamtaja fundi, wala mama wa mwembe, wala shangazi. Familia zao ziko, na sijaziomba ruhusa. Kumtaja mtu ni jambo la kuulizwa kwanza, kama yule aliyeniambia jina lake liko kwa chifu na kanisani panatosha. Ila ndani ya nyumba yako ruhusa hiyo unayo.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kama wazazi wako wangali hai, litoe lile sanduku la picha wikendi hii, ukae nao, uwaulize mmoja mmoja ni nani, wa wapi, na nguo ile ilishonwa na nani. Geuza picha uandike nyuma. Na utumie penseli laini bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya karatasi ya picha na baada ya miaka hutokea upande wa pili, juu ya uso wa mtu.